Mabano ya 1 Yohana 5: watawa wa Kigiriki hawahusiki

Swali limetoka kwa mwalimu wa darasa la Biblia katika usharika mmoja wa Kilutheri nyanda za juu kusini. Ameandika hivi:

"Katika Biblia yangu, 1 Yohana 5:7-8 ina maneno yaliyofungwa kwenye mabano, yale ya 'Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja'. Kwenye Biblia ya mwanafunzi wangu, tafsiri ya karibuni, hayamo kabisa. Mzee wetu mmoja anasema wataalamu wa siku hizi wameyafuta ili kuupiga vita Utatu. Kijana wa chuo naye anasema nakala karibu zote za Kigiriki ni za zama za kati, zimeandikwa miaka elfu moja baada ya mitume na watawa waliokuwa wanaongeza walichotaka, kwa hiyo hakuna ajuaye Yohana aliandika nini. Nimjibu nani, na nimjibu nini?"

Shalom, Mwalimu. Wajibu wote wawili, maana kosa lao ni moja ingawa kila mmoja analivutia upande wake. Mzee anaamini kwamba maneno yale yalikuwamo kwenye Kigiriki tangu mwanzo, kisha yakafutwa. Kijana anaamini watawa waliyachomeka. Ukizifungua nakala zenyewe unakuta jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitazamia: watawa wale hawakuwa nayo. Walinakili Waraka wa Kwanza wa Yohana karne baada ya karne, nakala mamia, na walipofika sura ya tano waliandika tu kwamba wako watatu washuhudiao, Roho na maji na damu, na watatu hawa hupatana kwa habari moja. Wakasonga mbele. Maneno ya mabano yalitoka kwenye Kilatini, na kilichoyasambaza kwa Kigiriki ni matbaa, mwanzoni mwa karne ya 16.

Nitakutajia mashahidi, kwa sababu ni wachache na wanahesabika. Kila nakala ya Agano Jipya la Kigiriki ina namba yake katika orodha inayotunzwa na taasisi ya utafiti wa matini ya Agano Jipya mjini Münster, Ujerumani. Orodha hiyo ina nakala zaidi ya 5,000, kuanzia vipande vya mafunjo (karatasi za kale za matete) vinavyoenea kiganjani hadi vitabu kamili. Maneno yale yamo katika nakala kama kumi tu. Katika nusu ya hizo yako pambizoni, na aliyeyaandika si mnakili wa kwanza.

Chukua namba 177, iliyoko Munich. Ni nakala ya karne ya 11. Mtu akikuambia "maneno yamo katika nakala ya karne ya 11" hajasema uongo, ila hajautazama ukurasa. Maneno yako juu, nje ya maandishi yenyewe, kwa mwandiko mwingine, na pamoja nayo pametajwa sura na namba ya mstari. Sasa, Agano Jipya la Kigiriki halikuwa na namba za mistari tunazozitumia leo mpaka mchapaji Mfaransa Robert Estienne alipozitia katika toleo lake la 1551. Kwa hiyo mwandishi wa pambizoni aliishi baada ya mwaka huo, na bila shaka alikuwa na kitabu kilichochapwa mezani pake. Namba 221 ya Oxford ni ya karne ya 10, namba 88 ya Napoli ni ya karne ya 12, na hadithi yake ni hiyo hiyo: kitabu cha kale, nyongeza ya juzi. Ndiyo maana mimi humuuliza kila anayenitajia nakala na karne yake: maneno yako ndani ya safu au nje, na kwa wino wa nani?

Zilizobaki zina maneno hayo ndani ya matini. Namba 629 iko Vatikani, ni ya karne ya 14, ina Kilatini safu moja na Kigiriki safu ya pili, na mahali pengi Kigiriki chake kimerekebishwa kilingane na jirani yake. Namba 61 iko Dublin, na ni ya mwanzoni mwa karne ya 16. Ya Escorial, Hispania, nayo ni ya karne ya 16. Ya Athens ni ya 1634. Ya Bucharest ni ya karne ya 18. Ukitoa ile ya Vatikani, zote ziliandikwa wakati matbaa zilikuwa zimekwisha kuanza kazi. Huo ndio ushahidi wote wa nakala za Kigiriki.

Hiyo ya Dublin ndiyo iliyoleta mzozo. Mwaka 1516 msomi Mholanzi Erasmus wa Rotterdam alitoa Agano Jipya la Kigiriki huko Basel, katika matbaa ya Johann Froben. Alitumia nakala chache alizozikuta mjini humo, nyingi zikitoka maktaba ya watawa wa Kidominiko, na moja ya Injili, namba 2, ya karne ya 12, ilipelekwa matbaani kama ilivyo. Mpaka leo ina masahihisho ya Erasmus na alama za wapanga herufi kwenye ngozi yake. Katika 1 Yohana 5 Erasmus hakukuta yale maneno, akachapa bila hayo. Toleo la pili, 1519, vivyo hivyo. Wakamjia juu. Edward Lee wa Uingereza na López de Zúñiga wa Hispania walimshambulia kwa maandishi, na yeye akajibu kwamba kazi yake ilikuwa kuchapa kilichomo katika nakala za Kigiriki. Alimwomba hata rafiki yake aliyekuwa Roma, Paolo Bombace, aangalie katika nakala kongwe ya Vatikani (ya karne ya 4, si ile namba 629), na mwaka 1521 akajibiwa: hayamo.

Ndipo ikaonekana nakala moja Uingereza, hii ambayo sasa iko Dublin, yenye maneno yote. Katika toleo la tatu, 1522, Erasmus akayaingiza, huku akisema waziwazi kwamba anafanya hivyo ili asimpe mtu kisingizio cha kumchafulia jina, na kwamba anashuku nakala hiyo imerekebishwa kufuata Kilatini. Shaka yake ilikuwa na msingi. Kigiriki hupenda kutanguliza kibainishi (neno dogo kama 'the' la Kiingereza) mbele ya "Baba", "Neno" na "Roho" mahali kama hapo; Kilatini hakina kibainishi kabisa. Katika nakala ya Dublin majina yote matatu yamesimama bila kibainishi, sawasawa na mtu anayetafsiri Kilatini neno kwa neno.

Utasikia pia kwamba Erasmus alitoa ahadi: nileteeni nakala moja tu nami nitayatia, basi wakamtengenezea. Hadithi tamu, na vitabu vingi vimeirudia. Mtaalamu wa Kiholanzi Henk Jan de Jonge alifuatilia maandishi ya Erasmus mwaka 1980 akaonyesha kwamba ahadi ya namna hiyo haimo. Usiitumie darasani.

Wahispania wa Alcalá nao walikuwa wamechapa maneno hayo kwa Kigiriki katika Biblia yao kubwa ya lugha kadhaa. Agano Jipya lake lilikuwa tayari mwaka 1514, ila halikutolewa kwa wasomaji mpaka miaka kadhaa baadaye. Wao pia waliyatoa kwenye Kilatini. Kabla yao Kigiriki kilikuwa kimeyaona mara chache tu, kwa mfano katika tafsiri ya kumbukumbu za Mtaguso wa Laterano wa 1215, ambazo asili yake ni Kilatini. Kutoka kwa Erasmus yakapita kwa Estienne, kwa Beza na wengineo, na kuanzia hapo tafsiri za lugha za Ulaya zikayarithi, na wamisionari wakayabeba mpaka kwetu.

Kwenye Kilatini kwenyewe ni ya zamani. Karne ya 3, Kipriano wa Karthago aliandika kwamba imeandikwa juu ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, "na hawa watatu ni umoja". Wengi wanaona, nami nakubaliana nao, kwamba hapo alikuwa anafasiri Roho, maji na damu kama mfano wa Utatu. Karne ya 4, kule Hispania, Prisiliano ananukuu maneno karibu kama tunavyoyajua. Ufafanuzi wa pambizoni uliteremka ukaingia ndani ya matini. Jambo hilo hutokea sana kwa vitabu vya mkono: mnakili anakuta maneno kando, hajui kama ni maelezo au ni sehemu iliyorukwa, na kwa kuogopa kupoteza Neno la Mungu anayaingiza.

Sasa mzee wenu. Mweleze taratibu, bila kumwaibisha, kwamba Mtaguso wa Nikea mwaka 325 na wa Konstantinopoli mwaka 381 uliukiri Utatu kwa Kigiriki, na mababa wa Kigiriki waliobishana miaka na miaka na Waario, watu waliokana uungu kamili wa Kristo, hawakuunukuu mstari huu hata mara moja. Hakuna mtu anayepigania shamba lake mahakamani akaiacha hati nyumbani. Hawakuutumia kwa sababu hawakuwa nao, na bado waliutetea Utatu kwa Maandiko mengine. Kisha, kwa kuwa ninyi ni Walutheri, mwongezee hili: Martin Luther alitafsiri Agano Jipya la 1522 akitumia toleo la pili la Erasmus, lile lisilo na maneno hayo, na maisha yake yote hakuyatia katika Biblia yake ya Kijerumani. Yaliongezwa na wachapaji baada ya kifo chake.

Kijana wa chuo anahitaji jibu refu zaidi, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Ni kweli kwamba nakala nyingi tulizonazo ni za zama za kati, hasa kati ya karne ya 10 na ya 14. Zipo za kale zaidi: Kodeksi (yaani kitabu cha mkono) ya Sinai na ya Vatikani ni za karne ya 4, na mafunjo kadhaa ni ya karne ya 3 au kabla kidogo. Zote zenye mahali hapo hazina maneno ya mabano. Lakini kwa wingi, ndiyo, tunategemea Bizanti, ile dola ya Kigiriki ya zama za kati iliyotawala kutoka Konstantinopoli.

Anakokosea ni kudhani kwamba umri wa ngozi ndio umri wa maneno. Kwenye Mlima Athos, nchi ya watawa huko Ugiriki, katika monasteri ya Lavra Kuu, ipo nakala namba 1739 ya Matendo na Nyaraka. Mnakili wake aliitwa Ephraim, wa katikati ya karne ya 10. Kazi yake nyingine, nakala ya Injili namba 1582, iko katika monasteri ya jirani ya Vatopedi. Mwanzoni mwa nyaraka za Paulo katika 1739 pana maelezo kwamba matini yamechukuliwa kutoka nakala ya kale sana, na kwamba katika Waraka kwa Warumi yamefuata ufafanuzi wa Origen, mwalimu wa karne ya 3. Pambizo zimejaa maneno ya Ireneo, Klementi, Origen na Basili, na hakuna mwandishi aliyetajwa ambaye ni wa baada ya karne ya 4. Kwa hiyo anachokishika mtafiti ni ngozi ya karne ya 10, lakini mzazi wa maneno yake ni wa mwishoni mwa karne ya 4 au karibu na hapo.

Na tazama Ephraim alivyofanya katika waraka huu huu. Kwenye 1 Yohana 4:3, ndani ya safu, ameandika kama tunavyosoma sisi, juu ya roho isiyomkiri Yesu. Pambizoni pana usomaji mwingine, "imtenguayo Yesu", na maelezo kwamba ndivyo walivyousoma mstari huo Ireneo, Klementi na Origen. Hapo alikuwa na majina makubwa matatu ya Kanisa la kale yanayounga mkono usomaji mwingine. Kama angekuwa mtu wa kuongeza atakalo, hapo ndipo angeongeza. Aliuacha pambizoni, akawataja na wenye usomaji huo. Sura moja mbele, penye Roho na maji na damu, hana Baba wala Neno, si ndani wala nje.

Walifanyaje kazi? Mwanzoni mwa karne ya 9, Theodoros, mkuu wa monasteri ya Stoudios mjini Konstantinopoli, aliifanya kazi ya kunakili kuwa sehemu ya utawa wa kila siku, na zipo kanuni za adhabu zinazohusishwa naye. Mnakili asiyetunza kurasa zake safi alipewa kusujudu mara 130. Aliyevunja kalamu kwa hasira, mara 30. Aliyenogewa na habari anayoisoma mpaka akasahau kuinakili, mkate na maji. (Hiyo ya mwisho sijui ni wangapi kati yetu wangepona.) Karne hiyo hiyo waandishi walihama kutoka herufi kubwa zilizosimama kila moja peke yake kwenda herufi ndogo zinazoungana, za haraka na zinazobana nafasi. Nakala ya kale kuliko zote ya Injili kwa mwandiko huo ambayo mwandishi ameiwekea tarehe ni namba 461, iliyoko St. Petersburg. Mtawa Nikolaos aliimaliza tarehe 7 Mei mwaka 6343. Usishtuke: Wabizanti walihesabu miaka tangu kuumbwa ulimwengu, ukitoa 5508 unapata 835.

Ngozi ilikuwa ya kondoo, mbuzi au ndama, iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa na kukaushwa ikiwa imewambwa. Upande uliokuwa na manyoya hubaki na unjano na vitundu vidogo; upande wa nyama ni mweupe. Walipokunja karatasi nne kupata kijitabu cha majani manane, walizipanga ili ukifungua popote, kurasa mbili zinazotazamana ziwe za upande mmoja, manyoya kwa manyoya, nyama kwa nyama. Mtu wa kwanza kulieleza hilo ni Caspar René Gregory, yule yule aliyeanzisha mfumo wa namba tunazotumia. Lina faida hata leo: ukikuta upande wa manyoya unatazamana na wa nyama, kuna jani limenyofolewa. Mistari waliikwaruza kwa chuma bila wino, na herufi ndogo hazikukaa juu ya mstari kama zetu, zilining'inia chini yake.

Mwishoni wengi waliandika neno lao. Lililopendwa kuliko yote ni hili: kama wageni wanavyofurahi kuiona nchi yao, ndivyo waandishi wanavyofurahi kuuona mwisho wa kitabu. Hii si sauti ya mtu aliyekuwa na hamu ya kuongeza mistari.

Makosa waliyafanya, tena mengine ya kuchekesha. Nakala namba 109, iliyoko London, iliandikwa mwaka 1326. Mnakili alikuwa anatazama nakala yenye safu mbili kila ukurasa, kila safu mistari 28. Alipofika nasaba ya Yesu katika Luka 3, badala ya kushuka safu ya kwanza hadi mwisho ndipo apande ya pili, alisoma kwa kukata ukurasa, mstari wa kushoto kisha wa kulia. Karibu kila mtu akapata baba asiye wake. Mungu, ambaye katika Luka ndiye mwisho wa nasaba, ameangukia katikati ya orodha na kuwa mwana wa Aramu, na asili ya wanadamu wote imekuwa Peresi. Mnakili hakushtuka. Alikuwa anaandika anachokiona, basi. Nadhani kosa hili ni utetezi mzuri kuliko sifa zozote: mtu anayebuni habari hawezi kukosea namna hii.

Pia walikosoana. Katika ile Kodeksi ya Vatikani, kwenye Waebrania 1:3, neno moja lilirekebishwa na msomaji fulani. Mwingine aliyekuja baadaye akarudisha lile la mwanzo na kumwachia mwenzake salamu pambizoni: mjinga we, mwovu we, liache la kale, usilibadilishe!

Kosa likishaingia hurithiwa, na hapo ndipo wingi wa nakala unapotusaidia. Wewe ni mwalimu: wanafunzi wawili wakikosa swali moja kwa jibu lile lile la ajabu, unajua walichunguliana. William Hugh Ferrar, mhadhiri wa Dublin, aliona mwaka 1868 kwamba nakala nne zilizoko miji minne tofauti, ya 13 Paris, ya 69 Leicester, ya 124 Vienna na ya 346 Milano, zinafanana kwa mambo ambayo hayafanani popote pengine. Kubwa ni kwamba habari ya mwanamke aliyefumaniwa haimo katika Yohana 8, imewekwa katika Luka baada ya 21:38. Zina mzazi mmoja, na mzazi huyo amepotea, ila kwa kuwalinganisha watoto maneno yake yanaweza kukusanywa tena. Nyongeza ya mtu mmoja katika monasteri moja ingekaa kwa wazao wa kitabu chake tu. Za Misri, Sinai, Calabria na Athos zingemuumbua.

Hapa nikutahadharishe, maana najua darasa litauliza: mabano katika Biblia yako si ya aina moja. Kwenye Sala ya Bwana, Mathayo 6:13, "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu" mara nyingi pia huwekwa kwenye mabano, lakini sababu yake ni kinyume cha hii. Maneno hayo yamo katika nakala nyingi mno za Bizanti; yanakosekana katika zile kongwe, na huenda yaliingia kutokana na ibada, kwa kuwa waumini walizoea kuyasema. Kijana wako angechagua mstari huo angekuwa na hoja. Mwanamke wa Yohana 8 yuko katikati: nakala nyingi za zama za kati zinaye, ila kadhaa zimeweka alama za nyota au mishale kando ya mistari kuonyesha shaka, na kundi jingine la nakala ndugu, la namba 1, limempeleka mwisho kabisa wa Injili ya Yohana pamoja na maelezo. Mwisho mrefu wa Marko nao uko katika nakala karibu zote za Kigiriki, lakini baadhi zina maelezo kwamba katika nakala nyingine Injili inaishia 16:8. Kwa hiyo usifundishe kwamba mabano maana yake "ya uongo". Kila mabano yana kesi yake.

Ibada iliacha alama nyingine pia. Nakala zaidi ya 2,000 katika ile orodha si Agano Jipya lililopangwa kitabu kwa kitabu, ni vitabu vya masomo, vilivyopangwa kwa Jumapili na sikukuu. Ukibahatika kuingia kanisa la Waorthodoksi, Nairobi, Kampala au Bukoba, ukaona kitabu cha Injili kinavyotolewa kwa maandamano, ndio urithi huo huo.

Na uzembe mkubwa zaidi kuhusu matini haukufanywa na watawa. Kwa Ufunuo, Erasmus alikuwa na nakala moja tu, ya kuazima kwa Johannes Reuchlin, na jani lake la mwisho lilikuwa limekatika. Mistari sita ya mwisho aliitafsiri mwenyewe kutoka Kilatini kurudi Kigiriki. Ndiyo maana Biblia zilizofuata matoleo yale zina "kitabu cha uzima" katika Ufunuo 22:19, wakati nakala za Kigiriki zina "mti wa uzima".

Kijana akikuuliza tunajuaje karne ya kitabu, mwambie tarehe za wanakili kama Nikolaos ndizo kipimo cha mwandiko wa wasioandika tarehe, na vifaa husema pia. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na nakala ndogo ya Marko, namba 2427, iliyosifiwa kwa matini ya kale ya ajabu. Uchunguzi wa rangi ulikuta buluu ya Prussia, iliyoanza kutengenezwa karne ya 18, kisha ikathibitika kwamba maneno yake yalinakiliwa kutoka toleo lililochapwa mwaka 1860. Waliogundua ughushi huo ni wataalamu hao hao ambao mzee wako anawashuku.

Kuziona hakuhitaji nauli. Tovuti ya taasisi ya Münster inaonyesha, kwa kila namba, nakala iko maktaba gani, ni ya karne gani na kama ina picha. Maktaba ya Vatikani imeweka nyingi wazi, na picha zilizopigwa Sinai mwaka 1950 na Maktaba ya Bunge ya Marekani zinapatikana bure. Mpe kijana kazi: atafute nakala tano za Bizanti zenye 1 Yohana 5, azichague mwenyewe, aone zina nini. Ajue tu kwamba majina matakatifu huandikwa kwa kifupi, herufi mbili au tatu na kistari juu, kwa hiyo asitafute neno zima la "Roho". Mzee naye akae pembeni yake wakati wa kuangalia. Wakikwama kwenye mwandiko, nitumie namba ya nakala na ukurasa, nitawasomea.